Kopo la Rangi au Kamera: Kipi Kimfae Anayeanza Sanaa Mwanza?

Vijana wengi wanaovutiwa na sanaa hapa Mwanza huuliza kama ni afadhali kuanza na grafiti, yaani uchoraji wa herufi na sura ukutani kwa rangi za kupuliza, au kuanza na upigaji picha wa kibunifu. Kuwajibu kwamba kila mtu afuate anachokipenda hakuwasaidii, kwa kuwa anayeanza bado hajajua anachokipenda, na fedha aliyo nayo pengine inatosha jambo moja tu. Makala hii inalinganisha sanaa hizo mbili kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kushika kopo la rangi wala kupiga picha kwa kusudi la kisanaa. Kipimo ninachokitegemea kuliko vingine ni kosa: katika kila sanaa, kosa la anayejifunza linamgharimu nini, na linamfundisha nini? Atakosea sana katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo hilo ndilo jambo la kwanza la kulifahamu.

Fedha ya kuanzia

Kwa upande wa picha, kifaa cha kwanza watu wengi tayari wanacho. Simu janja ya kawaida, hata iliyokwisha kutumika, inatosha, mradi kamera yake imruhusu mpigaji kupanga mwenyewe ISO (kiasi kamera inavyohisi mwanga), fokasi (mahali picha inapokuwa kali) na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga. Simu nyingi huiita sehemu hiyo Pro, na baadhi ya zisizo nayo zinaweza kuongezewa programu ya bure. Kinachobaki ni kitu cha kuituliza simu isitikisike. Stendi ndogo ya miguu mitatu inafaa, lakini mfuko wa kitambaa uliojazwa mchanga mkavu na kuwekwa juu ya jiwe unafanya kazi hiyo hiyo, na katika jiji hili mawe hayatafutwi. Kamera yenye lenzi za kubadilisha isinunuliwe mwanzoni, kwani anayeanza hajui bado anapungukiwa na nini.

Grafiti inadai fedha kila unapofanya kazi. Kopo la kawaida lina mililita 400, na ukuta ulioandaliwa vizuri huweza kufunikwa kwa kopo moja kiasi cha mita moja hadi mbili za mraba. Mchoro wenye upana wa mita tatu na kimo cha mita mbili ni mita sita za mraba, na rangi zake ni nne au tano, kwa hiyo anayejaza kila kitu kwa kupuliza ataona makopo yanakwisha kabla herufi hazijakamilika. Wachoraji wazoefu hulikwepa tatizo hilo kwa kupaka mandhari ya nyuma kwa rangi ya maji na rola, kisha kopo likabakizwa kwa mistari, vivuli na mwanga. Ndoo ndogo ya rangi ya maji inakwenda mbali zaidi kuliko makopo yenye thamani hiyo hiyo. Ijulikane pia kwamba rangi za kupuliza zinazopatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi na ya spea za magari zilikusudiwa hasa kazi za chuma. Mara nyingi presha yake ni kubwa, hivyo zinahitaji mkono mwepesi kuliko rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya wachoraji.

Kopo likiwa mkononi

Uzuri wa grafiti, na ugumu wake, unaonekana katika mstari mmoja. Kopo likiwa sentimita tano kutoka ukutani na mkono ukipita haraka, mstari hutoka mwembamba wenye kingo safi. Kopo likirudishwa nyuma hadi sentimita thelathini, mstari ule ule hupanuka, kingo zake huwa vumbi la rangi, na katikati hufifia hadi ukuta ukaonekana. Mkono ukisita kidogo tu kwenye kona ya herufi, rangi hujikusanya pale, hung'aa, kisha mchirizi huanza kuteremka. Anayeanza hukimbilia kuufuta kwa kidole au kitambaa, na hapo ndipo kosa la sentimita mbili linapokuwa doa la ukubwa wa kiganja. Mchirizi uachwe ukauke kabisa, halafu ufunikwe kwa rangi ya nyuma.

Kutokana na mstari huo mmoja unaweza kupata karibu masomo yote ya mwezi wa kwanza. Tikisa kopo kwa dakika moja au mbili baada ya kusikia goroli ya ndani ikianza kugonga, maana rangi nzito huwa imezama chini. Anza kusogeza mkono kabla ya kubonyeza, na uachie kabla ya kuusimamisha. Mstari mrefu uchorwe kwa bega na mwili mzima, si kwa kifundo cha mkono, kwa sababu kifundo huchora upinde hata pale unapotaka mstari ulionyooka. Ukimaliza kazi, pindua kopo kichwa chini na ubonyeze mpaka itoke gesi tupu, la sivyo rangi itakauka ndani ya kichwa cha kupulizia na kopo lenye nusu ya rangi litakuwa la kutupa.

Mazoezi yasianzie kwenye ukuta wa mtu. Bati chakavu, kipande cha plaiwudi, au nailoni pana iliyozungushwa kati ya nguzo mbili vinafaa vizuri, na nailoni ina faida kwamba ikijaa unaizungushia nyingine juu yake. Boksi linanyonya rangi mno na litakupa picha isiyo ya kweli ya namna kopo linavyofanya kazi. Utakapofika ukutani, uliza umri wa lipu: saruji mbichi iachwe ikomae, na wiki nne ni kipimo cha kawaida kwa mafundi. Lipu kavu isiyopakwa kitu hunywa rangi, kwa hiyo ipakwe kwanza rangi ya maji na iachwe ikauke.

Jambo jingine ni upepo. Mchana nchi kavu inapopata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kuja mjini, na kuta zinazoelekea ziwa katika maeneo kama Kirumba na Igogo huupokea moja kwa moja. Vumbi la rangi likibebwa na upepo huo halifiki pale ulipolenga, na linaweza kutua kwenye gari la jirani au nguo zilizoanikwa. Mchoraji wa Mwanza anafanya vyema kuanza mara kunapopambazuka na kumaliza mistari ya umakini kabla upepo haujashika. Miezi ya kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, ni rafiki kwa kazi hii kuliko msimu wa masika.

Kwa hiyo kosa la ukutani linagharimu rangi, muda, na wakati mwingine heshima mbele ya mwenye nyumba. Lakini halijifichi. Linabaki pale kila unapopita kwenda kituo cha daladala, kila anayepita analiona, na kwa sababu hiyo linafundisha haraka. Nimeona wanaoanza grafiti wakiimarika katika muundo wa herufi na uwiano kwa kasi ambayo si rahisi kuikuta kwa wanaoanza na simu, na naamini sababu ni kwamba hakuna kitufe cha kufutia.

Kamera ikiwa mkononi

Kosa la picha, kinyume chake, ni la bure, na ubure huo una pande mbili. Mtu asiye na fedha anaweza kujaribu mara nyingi kadiri apendavyo, na hilo ni jema. Lakini mtu huyo huyo anaweza kusimama jioni pale Jiwe la Bismarck, akapiga mamia ya picha za jua likizama, akachagua moja yenye rangi nzuri, na asijue kwa nini zile nyingine hazikufaa. Ninachopendekeza ni kujiwekea mpaka. Mkanda wa filamu ulikuwa na picha 24 au 36, na wapiga picha wa enzi hizo walilazimika kufikiri kabla ya kubonyeza. Chagua jambo moja, kwa mfano mitumbwi iliyovutwa mwaloni (pale wavuvi wanapoteremsha samaki), jipe picha 36 tu, usifute hata moja mpaka ufike nyumbani, kisha uzitazame zote na uandike kwa kila moja kilichoiangusha: mwanga, mahali uliposimama, au kitu kilichoingia pembeni bila wewe kukiona.

Mwanga wa hapa una tabia zake. Mwanza iko takriban nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua huwa juu sana na nyuso za watu hupata vivuli vizito chini ya macho. Jua huchomoza na kuzama karibu na saa moja kasorobo, kukiwa na tofauti ndogo kati ya mwezi na mwezi, na giza huingia upesi. Mpiga picha anayefika ufukweni wakati jua limeshagusa maji amechelewa. Afike saa moja kabla, achague mahali, na asubiri. Katika muda huo mwanga wa pembeni huyapa mawe ya graniti sura ya mviringo ambayo mchana haionekani, na nyumba zilizojengwa katikati ya miamba kwenye vilima vya Mabatini na Bugando hupata mgawanyo wa mwanga na kivuli unaostahili kutazamwa jioni nzima. Kwa picha ya kivuli, yaani mvuvi mweusi mbele ya anga la rangi, gusa sehemu angavu ya anga kwenye kioo cha simu ili kamera ijipime kwa hiyo, na uhakikishe umbo la mvuvi halijagusana na umbo la mtumbwi au la mtu mwingine.

Ubunifu wenyewe huanza pale unapoichukua kasi ya shata mikononi mwako. Ukiiweka 1/30 ya sekunde na kuifuata bodaboda kwa simu inapopita mbele yako, pikipiki hubaki na umbo lake huku maduka ya nyuma yakigeuka mistari. Ukiiweka sekunde kadhaa usiku, taa za wavuvi wa dagaa huandika njia zao juu ya maji. Wavuvi hao hutegemea usiku wa giza, kwa kuwa taa zao huwavuta dagaa vizuri mbalamwezi isipokuwepo, hivyo anayetaka picha hiyo atazame kwanza kalenda ya mwezi. Akienda siku za mwezi mpevu atakuta ziwa lina taa chache.

Kuna zoezi moja ninalolipenda kwa namna ya pekee, kwa sababu linaziunganisha sanaa zote mbili. Weka simu juu ya jiwe au meza mahali penye giza, panga ISO 100 na shata ya sekunde kumi au kumi na tano, kisha mwombe rafiki aliyevaa nguo nyeusi asimame mbele ya kamera na aandike jina lake hewani kwa tochi. Picha itaonyesha herufi za mwanga na mwandishi hataonekana. Herufi zitatokea zimegeuka kushoto kulia, kwa kuwa yeye aliandika akiitazama kamera, na utazigeuza wakati wa kuhariri. Rafiki huyo atagundua upesi kwamba akisita kwenye kona mwanga hujikusanya na kuunguza sehemu hiyo ya picha, na kwamba mkono unaotoka begani unatoa mstari mzuri kuliko ule wa kifundo. Hayo ndiyo masomo ya kopo la rangi, yakifundishwa bila kununua kopo.

Ruhusa, ambayo kila sanaa inaidai kwa namna yake

Grafiti ya kisasa ilikua katika miji ya Marekani bila ruhusa ya mtu. Kijana wa New York aliyejiita TAKI 183 aliandika jina hilo mahali pengi kiasi kwamba gazeti la New York Times liliandika habari zake mwaka 1971. Historia hiyo ina mvuto wake, lakini anayeanza hapa asiifanye mwongozo. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na zaidi ya hilo, ukuta ulioibiwa unakulazimisha kuchora kwa haraka na kwa hofu, hali ambayo haimfundishi mtu kitu. Tafuta ukuta wa mtu anayekufahamu, wa saluni, gereji au chekechea, mwonyeshe mchoro kwenye karatasi, na mwandikiane ruhusa yenye tarehe na sahihi. Ni busara pia kumjulisha mwenyekiti wa mtaa kabla makopo hayajafunguliwa. Ikiwa mchoro utabeba jina la biashara, ulizeni halmashauri kuhusu tozo za matangazo.

Mawe yaachwe. Nasema hivi kwa uzito wote. Graniti ya Mwanza ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, ndiyo iliyolipa jiji sifa ya kuwa Jiji la Miamba, na rangi ikishaingia kwenye chembe zake haitoki bila kulikwangua jiwe lenyewe.

Kwa picha, ruhusa huombwa kwa mtu badala ya ukuta. Mwaloni watu wako kazini: kuna mama anayeanika dagaa, kuna wapakuaji, kuna wanaohesabu fedha. Anza kwa uongozi wa mwalo, kisha mwendee mhusika: “Shikamoo mama. Naomba nipige picha ya kazi yako, nikimaliza nitakuonyesha.” Akikataa, shukuru na uondoke. Akikubali, timiza ahadi ya kumwonyesha, kwani wenzake watakuwa wanatazama. Kwa picha za watoto omba ruhusa ya mzazi au mlezi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anayesambaza au kuuza picha za watu afahamu kwamba sura ya mtu si mali ya aliyeipiga picha. Maeneo ya jeshi, uwanja wa ndege na sehemu nyingine za ulinzi hayapigwi picha bila kibali. Hata Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu na lililofunguliwa mwaka 2025, ambalo mistari yake ni darasa zuri la muundo, liendewe baada ya kuwauliza walinzi. Ndege isiyo na rubani inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Mwili na afya

Hapa sanaa hizi hazilingani hata kidogo. Rangi ya kupuliza ina viyeyusho kama asetoni, na nyingine zina zailini, ambavyo huathiri mapafu na ubongo vikivutwa mara kwa mara. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke huo. Inayofaa ni ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na vichujio hubadilishwa. Gesi inayosukuma rangi kwa kawaida ni ya jamii ya gesi ya kupikia, kwa hiyo pasiwe na sigara wala jiko karibu, na kopo lisiachwe juani au ndani ya gari, maana joto likizidi nyuzi 50 linaweza kupasuka. Asiyeweza kununua barakoa sahihi hajawa tayari kuanza grafiti, na mwenye pumu atafute njia nyingine. Mtu huyo hana sababu ya kukata tamaa: Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 jijini Dar es Salaam kwa brashi na rangi ya baiskeli juu ya ubao, na mtindo wake ukaenea duniani.

Mpiga picha naye asiingie majini kutafuta pembe nzuri, kwa sababu kichocho kipo katika fukwe za Ziwa Viktoria. Mawe yenye ukungu wa kijani huteleza.

Uchague nini

Ikiwa una simu, huna akiba, na una saa moja tu baada ya kazi au masomo, anza na picha. Ukuta unadai siku nzima, tena ya asubuhi, na mara nyingi unadai msaidizi wa kushika ngazi. Ikiwa unatafuta kipato cha karibu, picha pia hutangulia, kwa kuwa sherehe za kuzaliwa, mahafali na send-off hazikatiki, ilhali mwenye saluni hatakukabidhi ukuta kabla hajaona kuta zako nyingine.

Lakini ikiwa daftari zako zimejaa herufi na sura tangu shule ya msingi, na mkono wako hautulii, usijilazimishe kupitia kamera kwanza. Nunua barakoa, makopo mawili ya rangi zinazopishana sana, tuseme nyeusi na nyeupe, tafuta bati chakavu na uanze. Mchoraji wa namna hii akishurutishwa kupiga picha huona anacheleweshwa, na huenda akaziacha zote mbili.

Kwa waliobaki, ambao nadhani ndio wengi, ushauri wangu ni miezi mitatu ya simu yenye mpaka wa picha 36 kwa kila zoezi, ikifuatiwa na ukuta mmoja mdogo. Simu haitakaa bure siku hiyo. Chora alama ovyo kwenye ukuta uliopakwa rangi ya nyuma, namba, duara, jicho, chochote, kisha uupige picha na uweke mchoro wako juu ya picha hiyo kwa programu ya kuhariri. Utaona sikio la sura linaangukia karibu na namba 7 na kidevu chini ya duara, nawe utahamisha mchoro mkubwa bila kupima kwa futi.

Kazi ikiisha, ipige picha ndani ya wiki hiyo, kabla vumbi la barabara na matone ya mvua yanayoruka kutoka chini hayajaharibu sehemu ya chini. Jua la pembeni huonyesha kila kasoro ya lipu, hivyo subiri wingu au wakati ukuta wote uko kivulini, ili rangi zitoke sawasawa. Simama katikati, simu ikiwa kwenye nusu ya kimo cha ukuta, na urudi nyuma badala ya kutumia lenzi pana inayopinda kingo. Piga moja ya ukuta mtupu, nyingine mtu akiwa amesimama kando ili ukubwa ujulikane, na ya tatu ya karibu kabisa inayoonyesha ukingo wa mstari. Mwenye ukuta mwingine ataomba kwanza kuona picha hizo tatu.